Benchi la Nje ya Kikao

3 Februari

Mpwa wangu Kimya,

Salamu kutoka kwangu na kwa bibi yako. Sisi wazima, ukiondoa goti la bibi na masikio yake, ambayo yamefika mahali kwamba nikimwambia chai tayari ananijibu habari za mvua. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu hasikii kitu, anabaki kuitikia tu "eee, eee" mpaka laini inakatika. Barua namsomea kwenye sikio la kushoto, taratibu, na akitaka narudia. Ile yako ya mwaka mpya tumeisoma mara sita. Wateja wangu wawili wanaijua kwa kichwa.

Cherehani inakwenda. Sare za shule nimezimaliza wiki iliyopita na mgongo umenikumbusha umri wangu.

Sasa sikia. Jumatatu walikuja watu watatu wenye kofia ngumu na utepe wa kupimia. Mimi mtu akishika utepe lazima nimtazame anavyoushika, na yule kijana aliushika vizuri, siwezi kumsingizia. Alianzia katikati ya barabara, akavuka mtaro, akavuka kibaraza, akaingia ndani, akaniomba kwa adabu nisogeze cherehani. Aliposimama alikuwa mlangoni kwa bibi yako. Hapo ndipo alipopiga alama nyekundu ukutani. Nikamuuliza, hii nini tena? Akasema barabara itakuwa ya njia nne, na chochote kilicho mbele ya alama kitaondoka. Nikamwambia nyumba ukiitoa sebule, chumba changu na jiko, kinachobaki ni kitanda cha mama yangu juani. Akasema yeye anapima tu. Anayeamua ni Tume ya Mipango ya Mkoa, na bado haijaamua.

Nikakumbuka kwamba huko ndiko unakofanya kazi. Nikakumbuka pia kwamba mjumbe wa kata yetu alikuwa marehemu fundi saa, na tangu tumzike mwezi wa sita kiti chake kiko wazi. Hatuna mtu mle ndani. Kwa hiyo niambie, mwanangu, mtu anaingiaje kwenye tume? Anachaguliwa, anateuliwa au anaota mwenyewe?

Bibi hajui alama ni ya nini. Nimemwambia ni ya fundi umeme, kwamba watatuletea taa ya ukutani. Amefurahi. Kwa hiyo mambo haya uyaandike kwenye karatasi ya pili, ya kwangu peke yangu.

Mjomba wako,
Fundi


21 Februari

Mjomba, shikamoo. Na bibi shikamoo.

Bibi, mimi mzima. Chumba changu kina dirisha linalotazama ukuta, lakini ni ukuta msafi. Nakula vizuri. Goti ulikande kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na usimsikilize mjomba akisema yeye ndiye anajua. Salamu kwa jirani wote.

Karatasi ya pili. Ya mjomba peke yake, na wateja wasisomewe. Nakujua. Mdomo wako hauna breki.

Utaratibu ulioandikwa ni huu. Tume ina wajumbe kumi na watatu. Tisa ni wa kata, mmoja kila kata. Wanne ni wataalamu anaowaleta mkuu wa mkoa mwenyewe. Kiti cha kata kikiwa wazi, wakazi wanafanya mkutano na kupendekeza majina, diwani anayapeleka halmashauri, na halmashauri inatuma majina matatu kwa katibu wa tume. Katibu anayachuja. Mkuu wa mkoa anatia sahihi kwenye moja. Mjumbe wa kata awe mkazi wa kata hiyo au awe na nyumba huko. Anakaa miaka mitatu.

Hapo kwenye kuchuja sisemi zaidi.

Tafadhali usitangaze kwamba mpwa wako yuko ndani ya tume. Mimi ni karani wa masjala. Nachapa barua, napanga majalada, naweka maji mezani kabla ya kikao, kisha nafungiwa nje kama wengine.

Kitu kimoja ukijue. Jambo likimgusa mjumbe mwenyewe, labda nyumba yake au kiwanja chake, anatangaza kwamba ana maslahi, anatoka, na anakaa nje mpaka wenzake wamalize kupiga kura. Kuna benchi la mbao pale koridoni, mkabala na meza yangu. Mguu wake mmoja ni mfupi, nimeuwekea ajenda ya zamani niliyoikunja mara nne. Nimeona wajumbe wengi wakikaa pale na kikombe cha chai. Hawakai sana.

Kimya


9 Machi

Kimya wangu,

Marahaba. Bibi amefurahia ule ukuta msafi. Anauliza kama nawe utawekewa taa.

Mkutano tumefanya! Darasa la nne lilijaa mpaka watu wazima wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Diwani alisema hatupigi kura za karatasi, kila mtu apange mstari nyuma ya anayemtaka. Tulisimama watatu mbele: kinyozi, nesi mstaafu na mimi. Kinyozi alipata kumi na moja, na wote walikuwa na vichwa vilivyonyolewa vizuri wiki hiyo, sitasema zaidi. Nesi alipata ishirini na sita. Mimi mstari wangu ulitoka mlangoni ukazunguka mpaka kwenye mabomba.

Sikuomba kura. Nilisema tu kwamba nimepima watu miaka thelathini na sijamkatia mtu nguo isiyomtosha kisha nikamwambia apunguze mwili. Wakacheka, wakaja nyuma yangu. Niliangalia ule mstari, Kimya, nikaona mafundi, mama wa mboga, yule mwalimu asiyemsalimia mtu, wote wamesimama wanatazama kisogo changu. Machozi yalinilenga. Nikasingizia vumbi.

Majina yote matatu yanakwenda halmashauri, langu la kwanza.

Ila lile benchi lako limenikosesha raha. Kama mwenye nyumba anatolewa nje siku ya nyumba yake, basi mimi siku hiyo nitakuwa koridoni nakunywa chai huku wananigawa. Watu hawakunipangia mstari nikanywe chai. Nifanyeje nibaki chumbani?

Nijibu upesi.
Fundi


24 Machi

Mjomba, shikamoo. Bibi, shikamoo. Mimi mzima. Taa ninayo, inatosha.

Karatasi ya pili.

Nimelifikiria wiki nzima. Nimeisoma kanuni mezani kwangu wakati wa chakula cha mchana, nikiwa nimeifunika kwa gazeti. Haisemi anayelala ndani ya nyumba. Inasema mwenye hati. Jina lililo kwenye hati ndilo linalotolewa nje.

Kwa hiyo ukimwandikia hati mtu mwingine, wewe unabaki mkazi wa kata, unalala palepale, unashona palepale, na siku ya kura hakuna wa kukuambia utoke. Baadaye atakurudishia. Lakini awe mtu ambaye hatakugeuka. Usimpe kinyozi.

Mimi si wakili. Niseme hivyo mapema. Lakini nimewaona wajumbe wawili wakifanya hivyohivyo na hawajawahi kulikalia benchi.

Ningependa sana kukuona ukipita mbele ya meza yangu na suti yako ya kahawia, ukijifanya hunijui.

Kimya


12 Aprili

Kimya wangu,

Bibi hajambo, goti limepungua uvimbe. Mvua imenyesha siku nne na mtaro umefurika, tumetoa maji ndani kwa sufuria.

Nimefanya ulivyosema. Ofisi ya ardhi walinipiga danadana siku mbili, dirisha la tatu linanituma la tano, la tano limefungwa, mlinzi ananiambia nirudi la tatu. Hatimaye nikampata mama mmoja mwenye huruma. Akauliza, unamwandikia nani? Nikamwambia, mpwa wangu. Akauliza, unampa hivihivi? Nikamwambia, hivihivi, alikulia mle.

Ndiyo. Hati ina jina lako sasa. Uliniambia nitafute mtu ambaye hatanigeuka, na mimi wa namna hiyo ninaye mmoja. Isitoshe nyumba hii nusu yake ilikuwa ya mama yako, na alipofariki sikukuuliza kama unaitaka, nilikufundisha tu kutia uzi kwenye sindano. Kwa hiyo hata kama ni ujanja, ndani yake kuna haki kidogo.

Bibi ametia kidole gumba kama shahidi. Anaamini ni karatasi ya umeme. Aliuliza mbona taa yenyewe inachukua muda hivi. Nikamwambia mambo ya serikali.

Majina yameshafika kwa katibu wenu. Suti nimeitoa sandukuni, nimeipunguza kiunoni.

Fundi


20 Mei

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Ni zaidi ya mwezi sijapata barua yako. Bibi anauliza kila akisikia baiskeli, nami namwambia una kazi nyingi. Tumerudia zile za zamani.

Nina habari ambayo pengine unayo tayari. Majina yetu yamerudi, yote matatu. Karatasi imebandikwa ukutani halmashauri. Mbele ya jina langu pameandikwa kwamba mhusika hana uthibitisho wa ukazi. Nikaingia ndani kuuliza. Karani wa pale, binti mpole anayefanana nawe kwa kutopenda kuinua macho, akanieleza kwamba uthibitisho ni risiti ya kodi ya nyumba yenye jina lako mwenyewe. Ya kwangu, tangu Aprili, ina jina lako wewe. Nesi anakaa kwa mwanawe. Kinyozi amepanga. Kwa hiyo mimi miaka hamsini na minane sikai ninapokaa.

Watu walianza kwa kucheka, sasa hawacheki. Jana mama wa mboga aliniuliza, fundi, ulituambia utaingia, umekwama wapi? Nitamwambiaje kwamba nimekwama kwenye ujanja wangu mwenyewe?

Sikulaumu. Nauliza tu kama ulijua habari ya risiti. Na kama kuna mlango mwingine, hata wa nyuma, hata wa kuinamia, niambie.

Fundi


2 Juni

Mjomba, shikamoo. Bibi, shikamoo sana.

Bibi, nisamehe kwa kukaa kimya. Nimekutumia dawa ya kuchua goti, ile ya chupa ya kijani, na soksi mbili nzito. Dawa usiinywe. Mimi mzima, isipokuwa tumbo limenisumbua kidogo, limepona. Tumehamishiwa ofisi nyingine, ya chini, ina baridi lakini ina viti vizuri. Jirani yangu wa chumba amepata mtoto wa kike, analia mchana kutwa, anakusalimu.

Karatasi ya pili.

Mjomba, habari ya risiti sikuijua. Iko kwenye kiambatisho, na kiambatisho hakiko kwenye jalada letu. Naapa.

Katibu aliniita ofisini kwake. Alikuwa na jalada la kata yetu mezani, na juu yake nakala ya hati. Hakupandisha sauti. Aliniambia nikae.

Mengine nitakuandikia nikiweza.

Kimya


19 Juni

Mpwa wangu! Mheshimiwa!

Kwa nini hukuniambia? Yaani nisikie kwa kinyozi, tena nikiwa na pini mdomoni! Alikuja mbio, amemwacha mteja na povu shavuni, akasema fundi, njoo halmashauri, kiti kimejazwa, na jina ni la kwenu! Nilikimbia. Mimi, na mgongo huu. Nikasoma mara tatu: mjumbe wa kata, kwa sifa ya kuwa na nyumba ndani ya kata. Ni wewe. Kimya wetu, uliyekuwa ukitumwa dukani unarudi bila kitu kwa sababu umeona aibu kusema unachotaka!

Mtaa mzima umesimama kwenye kibaraza changu. Yule mwalimu amenisalimia kwa mkono. Mama wa mboga amesema, kumbe fundi ulikuwa unatuchezesha, ulimficha mtu wa kweli. Nami sikukanusha, Mungu anisamehe, nilikaa mkao wa mtu aliyepanga yote toka mwanzo.

Sasa sikiliza. Kifurushi kinakuja na barua hii. Ni gauni, rangi ya bluu iliyokolea, lina bitana, lina mifuko miwili ya ndani kwa ajili ya kalamu zako. Vipimo nimekisia kutokana na ile sare yako ya kidato cha nne, nikaongeza vidole vitatu. Likikubana kwapani nimeacha nyongeza ya kitambaa kwenye mshono, fundi yeyote atafungua. Livae siku ya kikao. Simama, tengeneza koo, kisha waambie. Waambie kuna bibi nyuma ya ile alama. Huhitaji maneno mengi.

Bibi nimemwambia umepewa cheo. Ameuliza kama kina uhusiano na taa. Nikasema ndiyo, kina uhusiano mkubwa.

Mjomba wako mwenye furaha kupita kiasi,
Fundi


8 Julai

Mjomba, shikamoo.

Barua hii haina karatasi ya kwanza. Sina cha kumwandikia bibi. Utajua mwenyewe la kumwambia.

Kikao kilikuwa tarehe nne. Gauni lilinitosha. Halikubana popote.

Nianzie nyuma, kwa sababu nimeficha vitu viwili. Cha kwanza nilikijua tangu Februari. Kuna kifungu kinachosema tume haiwezi kupigia kura mpango wa kata ambayo kiti chake kiko wazi. Barabara yenu ilikaa kwenye jalada mwaka mzima, mjomba, na aliyeizuia alikuwa marehemu fundi saa. Kiti chake kitupu ndicho kilichokuwa kinalinda nyumba. Sikukuambia kwa sababu watumishi tumekatazwa kutoa mambo ya ndani, na wewe barua zangu unazisoma mpaka kwa wateja. Lakini hiyo si sababu yote. Niliamini kiti kitajazwa tu siku moja, na nikataka kijazwe na wewe. Nilikuwa nakuona kabisa pale mezani. Nilijua na nikakuacha uitishe mkutano.

Cha pili. Kila Januari watumishi tunajaza fomu kwamba hatuna nyumba wala kiwanja ndani ya mpango wowote ulio mbele ya tume. Likitokea badiliko tunapewa siku thelathini kulisema. Ulipoandika kwamba umenipa hati, nilikaa na barua yako mkobani. Ningesema, wangeuliza imetoka kwa nani, na jina lako lilikuwa mbele yao linachujwa. Nikanyamaza. Siku thelathini zikapita. Wakati unaniandikia kwamba sijakujibu, nilikuwa nahesabu siku.

Katibu aliijua hati kabla hajaniita. Aliniambia kwa upole kwamba mtumishi anayeficha mali anafukuzwa, na kwamba yeye hapendi kumfukuza mtu. Akasema sheria inakataza mtumishi wa tume kuwa mjumbe lakini haimkatazi mtumishi wa mkoa, na kwamba kuanzia kesho yake asubuhi mimi ni wa mkoa, ghorofa ya chini. Kisha akatoa barua ya uteuzi. Niliitambua. Niliichapa mimi mwenyewe mwezi wa pili, nakala tisa, na mahali pa jina nimeacha nukta, kwa sababu ndivyo tunavyofanya kila kiti kikiwa wazi. Zinachapwa kabla ya mikutano. Jina langu alikuwa ameliandika kwa mkono, mwandiko mzuri.

Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema, "Una sifa zote, binti. Una nyumba, na si msemaji."

Ningeweza kukataa. Nimejiambia hivyo kila siku tangu hapo. Ningekataa, ningerudi nyumbani bila kazi, kiti kingebaki wazi wiki mbili, tatu, na angepata mwingine. Ndivyo ninavyojiambia. Nilitia sahihi.

Siku yenyewe, ajenda yetu ilikuwa ya sita. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye maslahi. Nilisimama. Nilikuwa nimeandika maneno ya bibi kwenye karatasi, yalikuwa kwenye mfuko wa ndani, wa kushoto. Nikafungua mdomo, mwenyekiti akasema, "Mheshimiwa, utaratibu unajua, mwenye maslahi hachangii." Na kweli naujua. Nimeuchapa mara ngapi.

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi. Mama wa chai alinitazama akacheka, akaniuliza kama nami sasa naletewa kikombe. Akaniletea. Nilitega sikio. Wanapiga kura kwa mikono, mjomba, na mikono haitoi sauti. Nilisikia kiti kikisogezwa, nikasikia mtu akikohoa. Chai ilikuwa bado ya moto walipofungua mlango.

Kisha nilirudi ndani kwa sababu ajenda ya saba ilikuwa dampo la kata nyingine. Mjumbe wao hakuja. Walisema wanaokubali wanyooshe mkono, nami nikanyoosha. Sijui kwa nini. Wote walinyoosha.

Usinijibu kama hutaki. Bibi mwambie namsalimu.

Kimya


30 Julai

Mpwa wangu Kimya,

Nimechelewa kujibu. Niliandika barua mbili nikazichana. Ya kwanza ilikuwa na maneno ambayo kaka wa mama yako hapaswi kukuandikia. Ya pili ilikuwa inakusamehe, lakini nilipoisoma nikaona haijafika huko bado, nikaichana nayo.

Sisi wazima. Goti la bibi linaendelea vizuri kwa ile dawa. Soksi anazivaa hata kwenye joto.

Notisi imeletwa jana. Siku tisini. Mletaji alikataa kunikabidhi kwa sababu ni ya mwenye hati, na mimi kwenye daftari lake nimeandikwa mpangaji. Nikamwambia mwenye hati ni mjumbe wa tume, yuko huko huko mlikotoka. Akapiga simu, akarudi akasema basi niipokee kwa niaba. Nimeiweka humu. Kuna mahali pa kutia sahihi yako, chini, palipowekwa alama ya kalamu. Ukimaliza uirudishe posta kwa barua ya rejista.

Mtaani nimewaambia ukweli nusu, kwamba tume imepitisha. Ya benchi sijasema. Mama wa mboga aliuliza, si tulikuwa na mtu wetu mle? Nikamwambia tulikuwa naye. Mwalimu ameacha tena kunisalimia. Kinyozi ameshahamisha kioo chake.

Sasa kuhusu bibi. Aliona barua yako mkononi mwangu, akasogeza kiti chake, akageuza sikio la kushoto. Ningefanya nini? Haikuwa na karatasi ya kwanza. Nikamsomea hivyohivyo. Nikamsomea kwamba ulivaa gauni la bluu, na hilo ni kweli. Nikamsomea kwamba ulisimama, na hilo nalo ni kweli. Halafu nikasikia nasoma kwamba ulizungumza. Kwamba chumba kizima kilinyamaza. Kwamba uliwaambia kuna mwanamke mwenye miaka themanini na moja nyuma ya ile alama, ambaye usiku anaijua nyumba kwa kupapasa kuta, na ukiondoa ukuta mmoja hatajua pa kwenda. Mwenyekiti akavua miwani akaifuta. Nilisoma muda mrefu, Kimya, nikiangalia karatasi yako, na hakuna neno hata moja nililoliona pale.

Bibi alicheka mpaka akajifuta macho. Akasema, "Mtoto huyu! Nasi tulimwita Kimya!"

Kumbe alama alishaijua. Anasema fundi wa umeme hapimi na utepe. Alikuwa ananiachia mimi niseme mwenyewe.

Tangu siku hiyo anataka asomewe kila jioni. Kila siku anauliza, na baada ya hapo alisema nini tena? Naongeza. Juzi nimekufanya uwaulize kama wao wana mama. Jana nimekwama, nikajifanya nimepoteza mstari, na yeye amekaa ananisubiri na sikio lake.

Mimi ni mtu wa maneno, unanijua, lakini nimeishiwa. Ile karatasi iliyokuwa mfukoni mwako siku ile, wa kushoto, kama bado unayo, nitumie.

Mjomba wako,
Fundi